Je, Ulimaanisha Pazia?

Miaka ishirini na sita nimeandika majina ya watu.
Saluni, bucha, duka la dawa baridi,
NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu,
USIKOJOE HAPA, FAINI ELFU HAMSINI.
Toka Temeke Mwisho hadi Yombo mkono wangu uko ukutani.

Sasa Mwantumu, binti wa dada yangu,
amenitengenezea tovuti.
Picha kumi na moja, namba ya simu,
na juu kabisa, kwa herufi ambazo sikuzichora mimi:
PAZI MABANGO, TANDIKA.
"Bado haijulikani," akasema. "Lazima tuipeleke
kwenye mtambo wa kutafuta, tuiandikishe."

Nikavaa shati la kwendea ofisi ya kata.
Kumbe ni pale pale, steshenari ya Bi Hidaya,
kati ya mashine ya fotokopi na friji la soda.
Kisanduku kimoja cheupe, kirefu kama rula.
Kinataka anwani tu.
Nikamwambia, ongeza: nyuma ya mashine ya kusaga,
ukivuka mtaro; ukiona geti la bluu, umepitiliza.
"Mjomba, hakiulizi hayo."
Ajabu. Mji huu mzima unaishi kwa kuulizana,
nani alifika kwa fundi bila kwanza kupitiliza?

Akabonyeza. Nikalipa mia tano ya intaneti.
"Sasa tusubiri buibui."
Buibui?
"Mtambo unatuma buibui, anapita ukurasa kwa ukurasa,
anasoma, anarudi kusema alichokiona."
Lini?
"Siku tatu. Wiki nne. Pengine asije."

Wallahi nilifagia.
Nilijua si mgeni wa kubisha hodi, sijazeeka kiasi hicho,
lakini nilifagia, nikapanga makopo,
na ule utando wa juu ya dirisha
niliotaka kuuondoa tangu Mfungo Mosi,
nikauacha. Huwezi kujua ndugu zake.

Siku ya tano nikajitafuta.
P, A, Z, I, kidole kimoja, kucha ina kijani.
Akatoka wakili wa Tanga.
Akatoka marehemu, tangazo la arobaini, Kisarawe.
Kisha mtambo ukaniuliza, kwa adabu kabisa:
Je, ulimaanisha pazia?

Pazia!
Jina alilolibeba babu yangu kutoka Maneromango
kwa miguu, lisipungue herufi njiani,
leo linaongezewa moja, nikaning'inizwe dirishani.

Mwantumu akasema tatizo ni viungo.
Nikadhani pilau.
"Hapana, wengine wakutaje. Kurasa zao zinyooshe kidole kwako."
Nikanyamaza. Hapo aligusa kidonda.
Nimewaandika wote; nani ameniandika?
Kwenye kila bango, pembeni kulia, huwa naweka jina,
dogo kama sisimizi, na namba ya simu
ya laini niliyoibiwa mwaka ule wa mafuriko.
Wanaonipigia wanampata nani, sijui.

Jumatano, mvua imekatika,
akasimama mwanamke mlangoni, kavaa buibui, kapu mkononi.
Nikaweka brashi chini.
Hakusalimia. Akasoma kuta zangu, herufi moja moja,
kama mtu anayehesabu chenji,
mpaka lile nililokosea, DUKA LA NYANA,
nililoligeuza kuwa meza,
akalisoma na hilo.
Kisha akaenda zake.

Sikumsimulia Mwantumu. Angenicheka hadi Idi.

Jana kanipigia, anahema: "Mjomba, umetokea!"
Wapi?
"Ukurasa wa saba. Chini ya maduka ya mapazia."
Nikahesabu kwa vidole vyenye rangi. Saba.
Ni mbali. Ila hata Rangi Tatu ni mbali,
na watu wanafika, wakiuliza.